Ua la Kwetu Lisilo na Jina Sokoni

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walakini kuna kitu chema kimoja ambacho hapa Nairobi hakijiuzi wala hakitembezwi; hukaa kimya nyuma ya waridi na mimea mingine mirefu, kikingoja jicho litakalokitambua. Ninazungumzia ule mmea mfupi wa kupandwa chunguni, wenye majani manene yaliyojaa vinyweleo laini na kujipanga kwa mduara kama sahani, ambao katikati yake huchipuza maua madogo ya zambarau, samawati, waridi au meupe, kila moja likiwa na vijidoa viwili vya manjano moyoni. Wauzaji wa miche huuita vayoleti, pale wanapouita kwa jina lolote. Mara nyingi husema tu, "Hilo ni la ndani."

Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa botania, na huenda msomaji akajiuliza maua yananihusu nini. Yananihusu kwa sababu ya majina. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafuta vayoleti zisizo za kawaida kwa mshahara wa mhadhiri, yaani kwa fedha zinazobaki baada ya karo, kodi ya nyumba na nauli, na nimeona kwamba siri ya kuzipata kwa bei nafuu ni moja tu: muuzaji hajui jina la kitu anachokiuza. Aina adimu na aina ya kawaida hukaa juu ya ubao mmoja kwa bei moja. Hiyo ni faida yangu. Lakini kutojulikana huko huko ndiko kunakoufanya mmea huu, ambao asili yake ni milima na majabali ya Kenya na Tanzania peke yake, utoweke kwao bila mtu wa kuulilia. Ninachodai leo ni kwamba heri tuipoteze nafuu hiyo ya bei, tupate jina.

Kwanza lakini nieleze namna ya kutafuta, maana walimu na wanafunzi wengi wanaosoma ukurasa huu wana mfuko kama wangu.

Vitalu vya miche vilivyo kandokando ya Barabara ya Ngong ndivyo shule ya kwanza. Nenda asubuhi siku ya kazi, muuzaji anaponyunyizia miche maji na ana nafasi ya kuzungumza. Jumamosi adhuhuri wenye magari hupandisha bei kwa kushuka tu kwenye magari yao. Ukifika, usianze kwa kutazama maua. Maua ni chambo. Hudumu wiki chache, na mche uliochanua ndio unaotozwa bei ya juu. Tazama majani. Jani la kawaida ni la kijani, lina umbo la yai, na halina la kusimulia. Ukikuta jani ambalo ukingo wake umejikunja kama pindo lililoshonwa vibaya, au lenye mabaka meupe na ya waridi, au lililo jekundu upande wa chini, simama hapo. Ukikuta jani la mviringo lenye doa jeupe pale linapoungana na kikonyo chake, simama zaidi. Wakuzaji wa Marekani huliita jani la namna hiyo jani la kike, na lile lisilo na doa huliita la kiume. Mwanafunzi wa baiolojia asidanganyike. Habari hiyo haihusu jinsia hata kidogo, kwa kuwa kila ua la mmea huu lina sehemu zote mbili. Majina hayo yalitokana na aina mbili za zamani, Blue Boy na Blue Girl, kisha yakahama kutoka kwa mimea hadi kwa umbo la majani. Sisi wanaisimu tunapenda sana maneno yanayohama namna hiyo.

Tazama pia ukubwa. Kuna aina ndogo kabisa ambazo upana wake hauzidi sentimita 15 hata zikikomaa. Muuzaji asiyezijua huzidhania miche iliyodumaa, na huwa tayari kuzitoa kwa bei ya hasara. Utazitambuaje? Mche mchanga wa aina ya kawaida una majani machache yanayokua upesi. Aina ndogo ina duara lililokamilika, safu tatu au nne za majani, katika nafasi ya kiganja cha mkono, na huenda tayari inachungulisha vikonyo vya maua. Ziko nyingine ambazo hazikai kwa duara bali hutambaa na kuwa na vichwa vingi. Hizo huonekana kama vurugu tu, na wengi huzipita. Usizipite.

Tena kila kitalu kina pembe yake ya majeruhi. Humo hutupwa miche iliyomaliza kuchanua, iliyovunjika majani au iliyopinda shingo. "Mwalimu, hilo limeshakwisha maua," mama mmoja aliniambia siku niliyoinama kwenye pembe hiyo. "Kama wataka, nipe hamsini tu." Lilikuwa na majani yenye mabaka meupe, ya namna niliyokuwa nimeitafuta mwaka mzima. Mche uliomaliza maua haujafa. Unapumzika, na ukipata mwanga na chakula utachanua tena. Unaopaswa kukwepwa ni ule ambao majani yake ya katikati yamelegea na kugeuka rangi ya udongo, kwani huo umeoza moyo, na ule wenye vidung'ata, wale wadudu weupe wafananao na nyuzi za pamba wanaojificha kwenye makwapa ya majani. Hata mche ulio safi kwa macho utenge na mingine kwa muda wa mwezi mmoja.

Kwa vyungu sina haja ya kusema mengi. Katika soko la Kawangware, si mbali na kituo cha 46, vibakuli na vikombe vilivyopoteza jozi huuzwa kwa fedha kidogo sana. Toboa chini, au tia ndani yake kikopo cha maziwa lala kilichotobolewa. Mizizi ya vayoleti ni mifupi, na chungu kikubwa huihifadhia maji ya kuiozesha.

Lakini njia iliyo rahisi kuliko zote si kununua. Mwalimu mwenzangu anayefundisha na kuishi Kambi Muru, huko Kibera, hajanunua vayoleti hata moja, naye anazo kumi na moja. Mwanzo wake ni majani mawili niliyomkatia. Mmea huu una tabia ambayo mimea mingi ya maua haina: jani moja, likikatwa pamoja na kikonyo chake cha sentimita tatu hivi na kuchomekwa kwa mshazari katika mboji iliyochanganywa na mchanga, hutoa mizizi baada ya mwezi mmoja hivi, na baada ya miezi miwili au mitatu watoto huchomoza kwenye shina lake. Kila mtoto akitengwa ni mmea kamili, tena ni nakala ya mama yake. Zamani watu walifunika kopo kwa mfuko wa plastiki ili unyevu usipotee. Kwa kuwa mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 2017, mwenzangu hutumia nusu ya chupa ya maji iliyokatwa, na naona inafaa kuliko mfuko.

Kwa hiyo yeyote mwenye vayoleti adimu anaweza kukupa jani bila yeye kupungukiwa na kitu. Omba. Kwa jirani, kwa mhazini wa shule aliyepanga vyungu dirishani mwake, kwa muuzaji mwenyewe, ambaye jani lililovunjika kwake ni takataka. Ipo aina moja tu isiyokubali njia hii: ile ambayo ua lake lina mistari inayotoka katikati kama gurudumu. Rangi zake zimekaa katika tabaka mbalimbali za chembe za mmea, na jani likichipuza mtoto, tabaka hizo hazirudi kwa mpango ule ule. Utapata ua la rangi moja. Hiyo huzalishwa kwa machipukizi ya pembeni, na hiyo ndiyo ya kulipia fedha ukiiona.

Nimewahi kuulizwa, tena kwa ukali, ni upuuzi gani huu wa kuzungumzia maua Kibera, mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 na watu hupanda sukuma wiki ndani ya magunia kwa kukosa ardhi. Swali ni la haki, na sitalijibu kwa mahubiri juu ya uzuri. Nitalijibu kwa hesabu. Mmea huu hauhitaji shamba; unatosha kwenye kikombe. Hautaki jua la moja kwa moja, ambalo huubabua. Unataka mwanga wa kando, na nyumba ya chumba kimoja yenye dirisha dogo au mlango unaotazama mashariki ina mwanga huo. Kikombe cha chai cha maji huutosha kwa siku kadhaa, mradi yasiwe ya baridi kali wala yasimwagwe juu ya majani, ambayo hupata mabaka. Kati ya mimea yote yenye maua ya dukani, sijui mwingine unaomfaa zaidi mtu asiye na uwanja. Na magunia hayo ya sukuma wiki yanathibitisha kuwa mikono ya kupanda ipo. Jina lenyewe la Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu, kwa kuwa ndivyo palivyokuwa wakati askari wa Kisudani wa jeshi la mfalme wa Uingereza walipopewa makao hapo. Msitu umebaki katika jina.

Nimesema kwamba sokoni ua hili halina jina. Si kweli kwamba halikupewa. Limepewa mengi, yote na watu wa mbali. Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alikusanya sampuli yake mwaka wa 1884. Mwaka wa 1887 mmisionari W.E. Taylor akakusanya nyingine pande za Giriama. Mwanafunzi wa Kiswahili atashtuka hapa, kwani huyu ni Taylor yule yule aliyechapisha mkusanyo wa methali za Kiswahili mwaka wa 1891, na ambaye bila yeye sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka ingepotea. Sampuli za mabwana hao hazikutosha kuuingiza mmea katika vitabu vya sayansi. Aliyefanikiwa ni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa sehemu za Tanga, ambaye mwaka wa 1892 aliupeleka kwa baba yake Ujerumani kutoka Usambara. Baba akamwonyesha Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka wa 1893 akauita Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni jina la ukoo wa mtawala. Sehemu ya pili ni Kigiriki, na maana yake ni "wenye maua kama ya urujuani".

Kutoka hapo safari ilikuwa ya biashara. Kampuni ya mbegu ya Benary, mjini Erfurt, iliusambaza Ulaya. Katika miaka ya 1920 wakuzaji Armacost na Royston wa Los Angeles walipanda mbegu kutoka Ulaya, wakachagua miche kumi iliyo bora na kuipa kila mmoja jina. Blue Boy ulikuwa mmojawapo. Kufikia mwaka wa 1946 Wamarekani walikuwa na chama chao cha wapenzi wa ua hili, chenye daftari la kuandikisha majina ya aina mpya. Ndiyo maana mnunuzi wa kule akiona jani lenye mabaka huuliza, "Hii ni ipi?" Wa kwetu huuliza, "Hii ni pesa ngapi?"

Jina la Kiingereza lina makosa mawili. Linauita mmea huu urujuani, ilhali hauna udugu wowote na urujuani wa Ulaya. Kisha linausema kuwa wa Afrika, kana kwamba unaota kutoka Dakar hadi Durban, ilhali kwao ni nchi mbili tu. Wajerumani walikuwa na adabu zaidi: hadi leo jina lao la kawaida la ua hili lina neno Usambara ndani yake, hata bibi kizee wa Hannover ambaye hajui Tanga iko wapi hulitaja kila anapotia chungu chake maji. Wanasayansi nao hawakutulia. Mwaka wa 2015 waliifuta jenasi ya Saintpaulia na kuuingiza mmea huu katika jenasi ya Streptocarpus, kwa sababu uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kuwa ni jamaa moja. Mtawala wa Tanga amebaki kama jina la tawi dogo tu.

Turudi nyumbani. Katika Milima ya Taita, msitu wa Mbololo ndio makao ya mwituni ya vayoleti ya Taita, ambayo mtaalamu B.L. Burtt aliieleza kisayansi mwaka wa 1958 na kuipa jina teitensis. Katika Kaunti ya Kilifi, kwenye majabali ya chokaa ya Cha Simba na Mwarakaya, kunaota nyingine iitwayo rupicola, yaani mkaa mwambani. Zote mbili zimo hatarini. Ya Taita inategemea kipande cha msitu ambacho kimezungukwa na mashamba. Ya Kilifi imekaa juu ya mawe ambayo watu wanayataka kwa ajili ya chokaa na saruji. Wala si lazima mtu auguse mmea ndipo ufe. Vayoleti ya mwituni huishi kwa kivuli na unyevu wa kuvumwani kwenye mwamba. Ukate mti ulio juu yake, jua litaukausha mwamba, na ndani ya kiangazi kimoja mmea utakuwa umekwisha, bila yeyote kuona kuwa ameua kitu.

Hapa ndipo suala la jina linapokuwa na uzito. Kitu ambacho mwanafunzi hawezi kukitaja hawezi kukililia, na diwani hawezi kukitetea katika kikao. Mkazi wa Nairobi aliyenunua vayoleti jana anaamini amenunua ua la Kizungu. Anaamini hivyo kwa haki, kwa kuwa ile ya dukani ni chotara iliyozaliwa ng'ambo na kurudishwa kwetu ikiwa na jina la kigeni au bila jina. Mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai ulitiwa saini mwaka wa 1992, miaka mia moja kamili baada ya ule mzigo kuondoka Usambara, na sheria haina desturi ya kurudi nyuma karne nzima kudai. Mgala muue na haki yake mpe, tunasema. Haki iliyobaki mikononi mwetu wenyewe ni ya kuutambua.

Rafiki mmoja, mchumi, ananiambia kuwa ninajichimbia kaburi. Muuzaji wa Barabara ya Ngong akijua kwamba jani la mabaka ni adimu, ataniuzia mara tatu. Ni kweli, na ningependa iwe hivyo. Muuzaji anayejua ataacha kuitupa miche ile kwenye pembe ya majeruhi. Nami nitakuwa bado na njia ya jani moja, ambayo hakuna bei inayoweza kuifunga.

Basi kwa walimu nina ombi dogo. Mtaala wa umilisi unataka wanafunzi wafanye kwa mikono. Jani moja la vayoleti ni somo la sayansi, la kilimo na la Kiswahili kwa pamoja. Lichomekeni darasani mwanzoni mwa muhula, mbali na baridi ya Julai ikiwezekana, kwa kuwa mmea huu haupendi usiku wa chini ya nyuzi 15. Kila kopo liwe na kijiti chenye maandishi: mama yake ni yupi, jani lilikatwa lini, lilitoka kwa nani. Kama hamjui jina la aina, andikeni sura yake kwa Kiswahili, "jani la kike, pindo jeupe, ua la samawati", na maelezo hayo yasafiri na mche kila utakapokwenda. Na mtu akiwaletea mche akisema ameung'oa Mbololo au Cha Simba, msimlipe hata senti.

Kuhusu jina la Kiswahili lenyewe, wapo watakaotaka tubuni moja haraka, na nimesikia "urujuani wa Afrika" ikipendekezwa. Tafsiri hiyo inabeba makosa yale yale mawili. Mimi nasema tuulize kwanza. Wataita, Wagiriama na Wasambaa wameishi na mmea huu tangu kabla ya Kirk na Taylor, na wachungaji na waganga wana mazoea ya kuvipa majina vitu ambavyo wenye vitabu hawavioni. Ningetoa kitu kikubwa kujua Wagiriama walimjibu nini Taylor, kama aliwauliza. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti wa nyanjani, hiyo hapo. Na mwalimu yeyote wa Mbololo, Mwarakaya au Lushoto ambaye nyanyake au babuye huliita ua hili kwa jina, aniandikie kupitia kwa Mhariri, akitaja kijiji na jinsi neno linavyotamkwa.